Farasi Kumi na Mbili

Hendeli ya pawatila ya baba hulala chini ya kitanda cha mama. Iko pale tangu 2021, tulipomzika, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Pawatila yenyewe ilibaki nje chini ya mwembe, kuku wakitagia kwenye boksi la spana. Kaka aliponipigia simu Dar es Salaam kusema kuna mnunuzi wa chuma chakavu anayelipa kwa kilo, nikamwambia asubiri. Sikuwa na sababu ya maana. Nikaomba likizo.

Ukitoka Mafinga asubuhi unavaa sweta. Ukifika Madibira, kwenye uwanda wa Usangu, sweta iko kwenye begi na jasho linakutoka. Maji ya mto Ndembera yanaingia kwenye mifereji ya skimu, hekta kama 3,000 za mpunga, na msimu wa kupandikiza ukifika kila mtu anataka jaruba lake livurugwe wiki hiyo hiyo. Baba alikuwa mtu wa jembe la ng'ombe. Mwaka 2009 ikazinduliwa Kilimo Kwanza, pawatila zikazidi kuonekana wilayani, na mwaka uliofuata akauza ng'ombe wanne akanunua ya kwake, ya mkononi kwa mtu. Trekta kubwa huweza kuzama kwenye tope. Hii ya magurudumu mawili, ukiivalisha yale ya chuma, inapita.

"Farasi kumi na tano," alituambia. Nasi tukatamba nayo shuleni.

Kabla ya kusafiri nilisoma habari za wazee wa Uingereza wanaofufua matrekta ya Ferguson TE20, yaliyotengenezwa Coventry kati ya 1946 na 1956. Kwanza wanatafuta kibati cha namba. Hawagusi rangi mpaka wajue walichonacho. Nikajiona nimeiva. Nikanunua na makopo mawili ya rangi ya kijani.

Kibati hakikuwepo. Yalibaki matundu yake tu. Juu kulikuwa na rangi ya bluu aliyopaka kaka, chini yake nyekundu, na chini ya nyekundu kijani kidogo. Fundi alikuja na baiskeli, akanikuta nakwangua kwa kisu kama mtu anayetafuta dhahabu.

"Rangi ni nguo, mwandishi," akasema. "Mtu humtambui kwa nguo."

Akafungua silinda hedi, akafuta mdomo wa laina kwa kitambaa chenye dizeli, akaingiza kalipa.

"Tisini na tano."

Nilidhani anataja bei. Akanielewesha. Injini hizi za Kichina za silinda moja zimebeba habari zao kwenye jina: S195 maana yake silinda moja, upana wa silinda milimita 95. R180, milimita 80. S1100, milimita 100. Kibati kikipotea, unapima tundu, jina linarudi.

"Kwa hiyo hii ni S195. Farasi kumi na mbili."

"Kumi na tano," nikasema.

Akanitazama kwa huruma. "Kumi na mbili, dada. Hata ikiwa mpya."

Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Nikamweleza. Hakuacha kupepeta.

"Baba yako alijua tangu wiki ya kwanza."

"Mbona alisema kumi na tano?"

"Jirani alikuwa nayo ya kumi na tano kweli. Nani angemwita mwenye kumi na mbili?"

"Kwa hiyo aliwadanganya watu."

Hapo akaweka ungo chini. "Walimlipa kwa eka, hawakumlipa kwa farasi. Nani alikuja hapa kudai eka yake haijaisha? Unafikiri kwa nini alikuwa anaamka saa kumi?"

Ile saa kumi naikumbuka vizuri. Mlio ule, du-du-du, gizani, ukienda ukififia kuelekea mashambani. Niliwahi hata kuuandika kwenye makala: baba mpenda kazi, anayeamka kabla ya jogoo. Kazi yangu ni kuhakiki takwimu za watu. Ya baba sikuwahi kuipima, na sababu ya kuamka kwake nilijitungia mwenyewe.

Fundi alihitaji siku tatu. Laina mpya, pistoni na ringi zake, gasketi, mikanda. Nozo ilisafishwa tu. Vipuri vilitoka Mafinga na vilikula nauli yangu ya kurudi. Ndani ya hopa ya maji tulitoa tope la kujaza sufuria. Kile kibofu chekundu, kinachoshuka maji yakipungua, kilikuwa kimenata, tukakikwamua. Siku ya pili nilimuonyesha fundi makopo yangu.

"Unataka ipendeze au ivuruge?"

"Vyote."

"Anza na kimoja."

Siku ya tatu mama akaleta hendeli mwenyewe, akaifungua khanga, akampa kaka. Kaka akashika kile kishikizo cha kuachia mgandamizo kwa mkono wa kushoto, akazungusha kwa wa kulia, akaachia. Kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya nne ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikashika. Kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba. Mama akasimama akiwa na khanga tupu mkononi, akisikiliza, kisha akaingia ndani.

Mnunuzi wa chuma alipiga simu jioni ile. Kaka akamwambia hakuna kitu cha kuuza.

Rangi sikuipaka. Makopo yapo stoo, na kibati kipya cha S195 nilichofikiria kuchongesha nimeachana nacho. Kesho yake kaka alipata kazi ya kwanza, nusu eka. Aliondoka saa moja asubuhi, jua limeshatoka.

"Baba yako angekuwa amemaliza jaruba moja," mama akasema, akaenda kuokota mayai.