Tuta la Budalang'i

Sisi wa Osukuru, chini ya vilima vya fosfeti huko Tororo, tuliyajua maji kuwa ni mpita njia. Mvua ikinyesha mlima Elgon, mto Malaba hufurika, kisha huenda zake Mpologoma hadi ziwa Kyoga. Maji mengine ya mlima huohuo hushukia Kenya, huingia Nzoia na kufika Budalang'i, alikoolewa shangazi yangu. Huko hayana haraka ya kuondoka.

Nilipelekwa kwake likizo za mwanzo wa miaka ya 80. Tulivukia Busia, tukapanda gari la Port Victoria, vilima vikaisha. Wakati huo serikali ilikuwa ikijenga matuta ya udongo kandokando ya Nzoia, kazi iliyoanza 1977 na kumalizika 1984. Watoto tulilipenda tuta. Tulikimbizana juu yake, mto upande huu, mahindi upande ule.

Babu, mkwe wa shangazi, alilima bondeni lakini alilala mwinukoni, na ghala lake lilisimama juu ya miti. Shangazi alichoka kubeba jembe kila alfajiri. "Baba, tuta limefika, tushuke karibu na shamba." Mzee akajibu, "Mama, mto umefungiwa njia, haujafungiwa mvua."

Alipofariki, walishuka. Si wao peke yao: maduka yalishuka, shule zikashuka, zote zikiegemea tuta. Nzoia nayo iliendelea kuleta matope kutoka milimani, matope yakainua sakafu ya mto. Novemba 2008 tuta lilipasuka, shangazi akatoka nyumbani kwa mtumbwi. Mei 2020 maji yalikuja kutoka upande mwingine: ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita rekodi ya 1964, na mto ukakosa pa kumwagia.

Tuta likarabatiwe, sikatai, lakini ramani ya kaunti itangulie. Ionyeshe mafuriko yalifika wapi, na ndani ya mstari huo pasijengwe shule, zahanati wala nyumba. Pabaki mashamba, malisho na mafunjo. Na wanaotakiwa kuhama wapewe kwanza ardhi ya juu yenye hati, huku mashamba yao ya bondeni yakibaki yao. Bila hivyo watarudi chini, na hakuna atakayekuwa na haki ya kuwalaumu.