Jirani wa Chini

Mkeka wa mbao si mkeka wala si mbao. Ni plastiki. Aliyeupa jina hilo hapa Kenya simjui, lakini alikuwa mjanja, manake alichukua vitu viwili ambavyo watu wanavipenda nyumbani akavitia ndani ya roli moja la PVC. Malindi utauona umesimamishwa kwenye baraza za maduka, umeviringwa kama majamvi ya siku ya maulidi, na muuzaji atakwambia mambo matatu: haunywi maji, hautelezi, hauna kelele. La kwanza ni kweli. La pili inategemea. La tatu ndilo lililonifanya nikae chini niandike.

Ninaishi Maweni, ghorofa ya kwanza, mimi na mwanangu wa miaka sita. Chini yetu anakaa mama mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita Bi Mkubwa. Mwaka jana mumewe alifariki, naye akaingia eda: miezi 4 na siku 10. Kabla ya hapo alikuwa anashinda kwenye biashara yake, akirudi jioni amechoka, na visigino vyetu havikumhusu. Sasa sakafu yetu ikawa ndiyo dari yake asubuhi, mchana na usiku, na yeye hana pa kwenda.

Hakupanda kulalamika. Hali haikumruhusu, na hata ingemruhusu asingefanya hivyo. Kwetu Pwani malalamiko huja na sahani. Mpwa wake alituletea mahamri na mbaazi, akakaa, akatuulizia hali, akamsifu mtoto kwa afya njema. Alipofika mlangoni ndipo akageuka: "Ati shangazi anauliza, huyu bwana mdogo hulala saa ngapi?"

Basi. Ujumbe umefika.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na neno moja tu: polepole. Polepole na mlango, polepole na kiti, polepole na mpira, kisha mpira wenyewe ukapanda juu ya kabati. Wiki ya tatu nikamwona mwanangu anaenda chooni kwa ncha za vidole, mikono ameitanua kidogo kama mtu anayevuka mtaro juu ya gogo. Hakuna aliyemfundisha. Nikamuuliza mbona anatembea hivyo. Akanijibu kwa kunong'ona, saa tisa mchana kweupe: "Bi Mkubwa yuko chini."

Nikawaza: huyu wa chini hawezi kutoka, huyu wa juu hawezi kukanyaga, na kati yao kuna zege tu na vigae vinavyong'aa. Hakuna kati yao mwenye tabia mbaya.

Mwenye nyumba nilimwandikia. Alijibu kwa maneno manne: hiyo ni shida yenu. Nikampigia fundi.

Fundi mwenyewe ni kijana, ametandika mikeka ya mbao kuanzia Watamu hadi Mambrui, na kitu cha kwanza alichofanya si kupima chumba. Alivua viatu, akatembea, akasikiliza. "Kelele ziko mbili, dada," akasema. "Kuna ile unayoisikia wewe hapa juu, na kuna ile anayoisikia yeye kule chini. Watu wengi hununua dawa ya ile ya kwanza."

Ilinichukua muda kuelewa. Redio yako au sauti yako hupita hewani; ukifunga dirisha inapungua. Hatua haisafiri hivyo. Kisigino kinaligonga zege lenyewe, na zege lote linatetema kama ngozi ya ngoma. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Ndani ya zege inapita mita 3,000. Ukishalipiga, limeshapeleka habari kwenye kuta zote. Dawa pekee iliyo mikononi mwa mtu wa juu ni kumzuia kisigino asifike kwenye zege kwa ghafla. Yaani kuweka kitu laini kinachompokea, kinachobonyea kidogo, ili pigo moja kali ligeuke kuwa sukumo la taratibu.

Kwa hiyo roli jembamba la milimita moja au mbili, lililobandikwa kwa gundi juu ya vigae, litakubadilishia sura ya chumba kuliko litakavyobadilisha sauti. Gundi inaufanya mkeka na zege kuwa mwili mmoja. Kinachofanya kazi ni kile usichokiona: mgongo mzito wa kitambaa, au sponji iliyoshindiliwa, au mpira uliotandikwa chini yake. Lakini nako kuna kipimo. Ukiweka kitu laini kama godoro, miguu ya kabati itazama, mkeka utachubuka, na ikiwa ni ule wa vibao vya kuunganisha, maungio yataachana.

"Tusibishane," fundi akasema. "Tumuulize mwenye masikio."

Akatandaza vipande vitatu sebuleni: mkeka mwembamba peke yake, mkeka wenye mgongo wa kitambaa, na huo huo wa kitambaa juu ya mpira wa chembechembe kama wa jimu. Mpwa alishuka kukaa na shangazi yake, simu iko wazi. Halafu nikamwambia mwanangu jambo ambalo alikuwa hajalisikia kwa wiki nyingi: kanyaga.

Alinitazama kwanza kuona kama natania.

"Kanyaga, baba. Kwa nguvu."

Alianza na kigae kitupu. Simu ikasema, "Eeh, hiyo ndiyo yenyewe." Akahamia kipande cha kwanza. "Hiyo pia. Imepungua ukali tu." Cha pili: "Afadhali." Cha tatu aliruka mara nne, na simu ikanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha ikaja sauti ya Bi Mkubwa mwenyewe, ya kukwaruza, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu matanga: "Mmeanza au bado?"

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wana mashine ya kazi hiyo. Ina nyundo 5, kila moja nusu kilo, zinazodondoka kutoka sentimita 4, mapigo 10 kila sekunde, huku mtu wa chini akipima kwa desibeli. Huko England na Wales, kanuni zilizoanza 2003 zinataka sakafu inayotenganisha nyumba mpya isipitishe zaidi ya desibeli 62 kwa kipimo hicho. Sisi tuna kanuni za kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira, zenye kikomo cha desibeli 35 usiku ndani ya makazi. Zinasaidia ukiwa na baa dirishani. Lakini ni nani atakuja kumpimia mtoto anayekwenda chooni?

Kazi ilichukua siku mbili. Fundi alijaza mistari kati ya vigae ili isije ikachomoza juu ya mkeka, akafagia mara tatu, manake chembe moja ya mchanga ukiikanyaga mwaka mzima inatoboa. Akatandika mpira, kisha mkeka, na kando ya kuta akaacha upenyo mdogo. Alisema mkeka ukibanwa na ukuta utafutuka kwa joto, na tena unaipa sauti njia ya kando. Ubao wa pembeni ukaja kuuficha upenyo ule bila kuukandamiza mkeka. Alipomaliza alinionya pia: ule mlio mkali wa "ko, ko" umekwisha, lakini mtu akiruka kutoka kitandani, ule mshindo mzito wa "du" utabaki. Huo dawa yake ni uzito au dari ya kuning'iniza kule chini, na hayo hupangwa nyumba ikijengwa.

Hapo ndipo ninapotaka kubishana na wajenzi wetu. Nyumba kongwe za mawe, kama zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa kwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, chini ya mita tatu hivi. Juu ya boriti yalipangwa mawe ya tumbawe, yakamiminiwa chokaa na kifusi mpaka sakafu ikawa nene na nzito. Juu yake mkeka au zulia, na viatu viliachwa mlangoni. Sidai kwamba wazee walikuwa wanahesabu desibeli. Lakini uzito, ulaini na mguu mtupu vyote vilikuwepo, na mtoto angeweza kukimbia.

Sasa Malindi na Kilifi ghorofa za kupangisha zinaota kila upande, slabu imebanwa kwa bei, juu vigae, na kwenye tangazo wanaandika "za kisasa". Kilichookolewa kwenye sakafu hulipwa na wapangaji, kwa kununiana kwenye ngazi. Tunaidai adabu ifanye kazi ya sakafu. Na adabu, wallahi, ina kikomo chake; huwezi kumwomba mtu asiwe na uzito.

Mimi nililipa kwa akiba yangu, na siku nikihama sidhani kama nitaubandua. Hesabu hiyo bado inaniuma. Ukitafuta nyumba ya juu, kabla ya kutoa amana, nenda chini ubishe hodi. Uliza wanasikia nini.

Eda ilipokwisha, Bi Mkubwa alipanda ngazi zetu kwa mara ya kwanza. Alivua viatu mlangoni, akasimama katikati ya sebule, akabonyeza mkeka kwa kisigino kama anayejaribu embe. Akamgeukia mwanangu. "Haya, ruka nikuone."

Mtoto akaruka.

"Kule chini bado nakusikia," akamwambia. "Lakini sasa nasikia mtoto. Zamani nilikuwa nasikia nyundo."

Kisha akaomba maji, akakaa, akatusimulia habari za mumewe mpaka magharibi. Mwanangu mpaka leo, akisahau, hupita kwa ncha za vidole. Nikimwona simwambii kitu. Nimemshushia mpira wake kutoka kabatini.