Haki ya Kukataa, Haki ya Kuambiwa

Nilianza uuguzi Eldoret mwishoni mwa miaka ya 1990, siku ambazo hospitali ya wilaya ndiyo kwanza ilikuwa ikigeuka kuwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi waliwafuata walimu wao kitanda kwa kitanda, wakijifunza kutambua kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo na saratani ya Kaposi. Kutambua walitambua. Tabu ilikuwa kutibu. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI (ARV) zilikuwa zinaokoa watu Ulaya na Marekani, lakini bei yake haikushikika kwetu. Tulisafisha vidonda, tukatuliza maumivu, tukazungumza na jamaa walioketi kando ya kitanda.

Mwaka 2001 ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana ulizaa mpango wa AMPATH, na ARV zikaanza kutolewa, kwanza kwa wachache. Fedha za serikali ya Marekani zilipoanza kuingia miaka michache baadaye, foleni za kliniki zikarefuka. Pamoja na dawa yakaja majaribio ya dawa, na pamoja na majaribio ukaja uvumi. Watu walisema damu yao inauzwa ng'ambo. Walisema Mwafrika amefanywa panya wa maabara. Sikuwalaumu hata siku moja. Mtu akitolewa chupa baada ya chupa ya damu bila kuelezwa, ana kila sababu ya kushuku.

Nilipohamishiwa upande wa utafiti, kazi yangu kubwa ikawa ridhaa. Fomu ilisomwa kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Kisha nilimwomba mgonjwa anieleze kwa maneno yake mwenyewe alichosikia. Asiyejua kusoma alikuja na shahidi, akaweka kidole gumba kwenye wino. Aliyesita nilimwambia aende na fomu nyumbani, akazungumze na watu wake. Swali lililonifikia mara nyingi kuliko yote aliwahi kuniuliza mzee mmoja kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni.

"Sista, nikikataa, mtanifukuza kliniki?"

"Hapana, mzee. Ukikataa leo, kesho utapata dawa zako kama kawaida. Na ukikubali, unaweza kuacha siku yoyote."

Alikataa. Mwezi uliofuata alikuja kuchukua ARV zake, akazipata. Habari yake ilifanya kazi ambayo fomu haikuweza kufanya: majirani zake waliona kwamba mtu anaweza kusema hapana na asiadhibiwe. Waliokuja baadaye walikuja kwa hiari ya kweli.

Jaribio lililonifunza zaidi lilihusu akina mama. Mwaka 1999 watafiti wa Mulago, hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Makerere, walionyesha kwamba tembe moja ya nevirapini kwa mama aliyeshikwa na uchungu, na tone la dawa hiyo kwa mtoto ndani ya siku tatu, hupunguza karibu nusu ya maambukizi ya mtoto. Ilikuwa rahisi na ya bei nafuu, na iliokoa watoto wengi. Lakini virusi vilivyobaki kwa mama mara nyingine vilijifunza kuishinda dawa hiyo. Mama huyo akihitaji matibabu yake mwenyewe baadaye, na nevirapini ikiwa ni mojawapo ya dawa anazopewa, itamfaa?

Jaribio la OCTANE lilibeba swali hilo katika nchi kadhaa za Afrika, Eldoret ikiwemo. Nakumbuka mama mmoja aliyenikazia macho na kusema, "Sista, ile tembe mlinipa leba mkaniambia ni ya mtoto. Sasa mnaniambia huenda imeniharibia mimi?" Nilimjibu kwamba ndivyo tunavyohofia, na kwamba ndicho tunachotaka kujua. Jibu lilichapishwa mwaka 2010. Kati ya wanawake waliowahi kupewa tembe ile, asilimia 26 ya waliowekwa kwenye nevirapini matibabu yao yalishindwa au walifariki, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa lopinaviri na ritonaviri. Hofu ya mama yule ilikuwa na msingi, na wanawake kama yeye ndio waliotuthibitishia.

Kisha ikaja zamu ya Kaposi. Kuanzia 2013, wagonjwa 334 wenye VVU na Kaposi iliyokomaa waliandikishwa Brazili na katika nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo. Wote walipewa ARV, wakagawanywa kwa kura ya kompyuta katika makundi matatu: etoposidi, blemaisini pamoja na vinkristini, au paklitakseli. Tulipima mabaka kwa rula, tukayachora kwenye picha ya mwili, tukamulika kaakaa kwa tochi. Kwa wengine mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Kamati huru ya wataalamu ilikuwa ikichungulia matokeo huku kazi ikiendelea. Mwaka 2016 ikasimamisha kundi la etoposidi, na 2018 la blemaisini na vinkristini, kwa sababu waliopewa paklitakseli walikuwa wanafanya vizuri zaidi waziwazi. Miaka mingi mchanganyiko ule wa blemaisini na vinkristini ndio uliokuwa tegemeo la hospitali zetu nyingi.

Siku hizo mgonjwa aliyeketi kwenye kiti cha dripu hakuniuliza tena kama atafukuzwa. Aliuliza: "Mmepata nini? Ipi ilishinda?" Alijua mwili wake umo ndani ya jibu.

Hapo ndipo ninapoona bado tuna deni. Matokeo hufika kwenye majarida ya London na Boston upesi kuliko yanavyomfikia mama aliyetia kidole gumba kwenye wino. Na dawa iliyoshinda si kila mara inapatikana katika hospitali iliyo karibu naye, kwa bei anayoimudu. Haki ya kukataa tuliijenga kwa miaka, na ikaleta imani. Haki ya kuambiwa inastahili bidii ileile. Mnaopanga majaribio mapya, wekeni katika bajeti siku ya kuwarudishia majibu waliojitolea, kwa lugha wanayoielewa, kama mnavyoweka nauli na vipimo vya damu. Na kabla ya kumwandikisha mtu wa kwanza, kubalianeni na serikali ni nani atakayenunua dawa ikithibitika kwamba inafaa.