Nyama Changa Ndani ya Pafu

Mwishoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa London nikisomea maradhi ya kifua, palikuwa na wagonjwa ambao hatukuwa na la kuwaambia ila subira: watu wa makamo, waliokohoa kikohozi kikavu na kudhoofu kwa wiki nyingi, ambao picha zao za eksirei zilionyesha mabaka meupe yaliyohama leo huku, kesho kule, na ambao antibiotiki za kila namna ziliwapitia pasi na athari, ilhali katika makohozi yao hakikuonekana kijidudu. Tulifunzwa kuwa kovu likishaingia pafuni halitoki. Na kila palipoonekana nyuzi palidhaniwa pana kovu.

Mwalimu wetu wa tishu, mzee mpole aliyetuachia hadubini muda mrefu kabla ya kunena, ndiye aliyetutaka tutazame kuta za vijifuko vya hewa katika vipande vya mapafu yao. Ndani ya vijifuko hivyo, na katika vijia viendavyo humo, mlijaa vijichipukizi vya nyama changa, vya mviringo, rangi ya waridi iliyofifia, seli zake nyembamba zimelala katika ute mwepesi. Kimoja kilikuwa kimepenya tundu la ukutani kikaingia kijifuko cha jirani. Lakini kuta zenyewe, ambazo katika maradhi ya makovu hubomoka na kupotea umbo, zilisimama zote. Nyama ile haikuwa imekomaa, na kisichokomaa chaweza kuyeyuka.

Ndipo mwaka 1983 matabibu wa London walipoyaeleza maradhi hayo kuwa ni ya peke yake, na mwaka 1985 wenzao wa Boston, baada ya kupitia vipande vya mapafu vipatavyo 2,500, wakachapisha habari za wagonjwa 50 ambao chanzo cha maradhi yao hakikujulikana: kwa dawa za jamii ya kortizoni, asilimia 65 walipona kabisa. Sijui habari ya kitabibu iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Niliporejea kwetu pwani nilikuta dawa hizo zataka hadhari kubwa zaidi, kwani kifua kikuu nacho huleta kikohozi, homa na mabaka, na kumpa prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo, mwenye kifua kikuu kisichotibiwa ni kumwangamiza. Hali kadhalika mnyoo wa strongiloidi, ukaao tumboni kimya miaka na mikaka, huenea mwili mzima kinga ikidhoofishwa. Kwa hiyo makohozi kwanza, choo kwanza, na kipande cha pafu kikipatikana, kisha vidonge.

Namkumbuka bibi mmoja, fundi cherehani, ambaye siku chache baada ya kuanza vidonge alikuwa akila na kusema bila ya kukatika pumzi, na baada ya wiki kadhaa picha yake ikatakata. Tulipopunguza dawa, kikohozi kikarejea.

“Daktari, kumbe hayakwisha?”

“Yamerudi, bibi, lakini dawa ile ile itayatuliza. Safari hii tutaipunguza polepole zaidi.”

Kurejea huko, kulikotutisha sana hapo zamani, leo kunajulikana kuwa ni jambo la kawaida lisilopunguza umri wa mgonjwa, na aghalabu matibabu huchukua miezi 6 hata 12. Bibi yule dawa ilimvimbisha uso, sukari ikapanda, tukaipima kila alipokuja; na alipomaliza vidonge, kikohozi hakikumrudia.