Mbwa, Buibui na Upepo Mbaya wa Gisenyi

Mgeni ateremkaye Gisenyi kutoka milimani hulakiwa na Ziwa Kivu, lililo kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mji huu wa wilaya ya Rubavu umepakana na Goma ya Kongo, na kaskazini yake umesimama mlima wa moto Nyiragongo. Mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya namna hiyo hujengea kuta na nyua za eneo lote. Mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Mei 2021 ilipasua nyumba nyingi za Rubavu. Palipo na ufa au jiwe lisiloguswa, buibui hupata maskani. Na wa kwanza kutia pua humo ni mbwa.

Ni rahisi kwa mwenye nyumba kufikiri hivi: mbwa kaumwa na yu hai, basi mtoto naye hatadhurika. Fikira hiyo ni ya hatari. Huko Australia yuko buibui wa Sydney ambaye sumu yake huweza kumwua mtu, lakini mbwa huistahimili. Dawa ya kuizima ilianza kutumika mwaka 1981. Nchi hiyohiyo ina buibui wakubwa wenye manyoya, waishio mashimoni. Taarifa ya wataalamu ya mwaka 2003 ilieleza juu ya mbwa saba walioumwa na buibui hao: wote walikufa, wengine katika muda wa nusu saa hadi saa mbili. Wenye mbwa wawili kati ya hao waliumwa pia, wasipate madhara makubwa. Jamaa za buibui hao wenye manyoya wako Afrika Mashariki pia. Kwa hiyo mbwa si shahidi wa kutegemewa katika habari za buibui.

Lakini kando ya Kivu kuna sumu nyingine ambayo juu yake mbwa ni shahidi wa kweli. Wenyeji huiita mazuku, yaani upepo mbaya. Ni hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini, isiyo na rangi, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida. Hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbwa na mbuzi huanguka kwanza kwa kuwa pua zao zi karibu na ardhi. Mtoto hufuata, na mtu mzima ainamaye kumwokota huweza kuanguka juu yake.

Basi, mbwa akionekana amelala bondeni bila jeraha, asifuatwe. Watoto waondolewe na kupelekwa mahali palipoinuka. Kwa buibui, askari na akung'ute buti kabla ya kuzivaa, na mama asitie mkono katika rundo la kuni au mawe bila kutazama. Aliyeumwa aoshwe kwa maji na sabuni, awekewe kitambaa cha maji baridi, apelekwe zahanati. Jeraha lisichanjwe wala kufyonzwa. Mbwa naye abebwe kwa daktari wa mifugo, asitembezwe.

Mlinzi huyo wa mlangoni hulinda kwa pua yake. Mwenye nyumba na ajue ni wapi pua hiyo humwonya, na ni wapi haimwambii neno.