Darubini ya Kwenda Nayo Nyandungu

Alfajiri, ukungu uanzapo kupanda katika bonde la Nyandungu, mashariki ya jiji la Kigali, sauti za ndege husikika kabla mafunjo hayajaonekana. Kinamasi hicho kilikuwa kimeharibiwa na shughuli za watu. Kikatengenezwa upya, na mwaka 2022 kikafunguliwa kuwa bustani ya matembezi.

Mpenda ndege afikapo hapo hutamani darubini, na ndipo mfuko huanza kulalamika. Wengi hukimbilia namba kubwa. Kumbe darubini ya kukuza mara 12 hukuza pia mtetemeko wa mkono, ndege akacheza asitambulike! Ile ya 8 kwa 42, yaani ikuzayo mara 8 na yenye vioo vya mbele vya milimita 42, hutulia, huonyesha eneo pana, na hupokea mwanga wa kutosha asubuhi. Ya bei ya kati huishinda waziwazi ile rahisi kabisa. Zaidi ya hapo, fedha nyingi hununua tofauti ndogo.

Mwenye karo ya watoto mbele yake aazime kwanza ya rafiki, aizoee asubuhi mbili tatu. Siku ya kununua, aijaribu penye kivuli, kwani juani hata kioo hafifu huonekana kizuri.