Nilibeba Hadi Kosa Lake

Wasee, leo sijakuja kuwachekesha. Leo nakuja kukiri.

Mwaka jana nilitengeneza kozi yangu ya kwanza ya mtandaoni: Kemia ya kidato cha tatu na cha nne, video 12, shilingi 300. Unatuma kwa M-Pesa, nakutumia linki. Nilirekodi kwa simu usiku, majirani wakishazima redio. Wanafunzi 41 wakalipa. Kwangu hiyo ilikuwa kodi ya nyumba, jameni. Nilijiona nimefika.

Shida ni vile nilitengeneza zile slaidi. Kulikuwa na PDF fulani ikizunguka kwa magrupu ya WhatsApp. Noti safi, michoro ya mkono, kazi ya mtu anayejua anachofanya. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mwalimu. Nikaukata. Nikapiga skrinishoti michoro 19, nikabandika logo yangu pale kona ya chini, maisha yakaendelea. Nilijiambia, si iko kwa intaneti? Si kila mtu anaisambaza?

Siku moja nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mzee, pole pole.

"Kijana wangu, ni wewe unafundisha Kemia huko mtandaoni?"

"Ndio, mwalimu." Nilidhani ni mtu anataka kupunguziwa bei.

"Basi niambie. Kwa mchoro wako wa saba, mbona oksijeni inatoka kwenye kathodi?"

Nikanyamaza. Huo mchoro nilikuwa nimeufundisha. Nilikuwa nimeuuza. Na sikuwa nimewahi kuutazama vizuri. Oksijeni hutoka kwenye anodi, hiyo hata mtoto wa kidato cha tatu anajua.

"Hilo kosa ni langu," akasema. "Nililifanya usiku nikiwa nimechoka, nikalirekebisha muhula uliofuata. Wewe ulichukua ile ya zamani. Ulibeba hadi kosa langu."

Hakutaja polisi wala wakili. Kilichonimaliza ni kingine. Mwanafunzi wake alikuwa ameona kozi yangu, akamuuliza mbele ya darasa: "Mwalimu, kwani hizi noti unazitoa kwa yule jamaa wa mtandaoni?" Mimi ndiye nimeiba, na yeye ndiye anaonekana mwizi.

Na hii hasira naijua. Kuna siku mtu alichukua video yangu, akakata jina langu, akapata watazamaji kuniliko. Nililia hapa siku tatu, mkanitetea. Kumbe nikilia nilikuwa na mzigo wa mwenyewe mgongoni.

Baada ya hiyo simu nilisoma kiasi, na haya ndiyo nilitamani ningejua mapema.

Kwanza, Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kazi yako inalindwa pale tu unapoiandika, kuichora au kuirekodi. Si lazima uisajili kwanza. Usajili pale KECOBO unakusaidia kuwa na ushahidi, lakini haki ulikuwa nayo tayari. Na kwa maandishi na michoro, inadumu maisha yako yote, plus miaka 50 baada ya kufa. Kwa hivyo "sikuona alama ya hakimiliki" si jibu.

Pili, Kemia si ya mtu. Elektrolisisi naweza kuifundisha nikitaka, wewe pia. Kinacholindwa ni vile mtu ameieleza: maneno yake, michoro yake. Ningekaa chini nichore mwenyewe kwa kalamu yangu, hakuna mtu angenisumbua. Na pengine ningeliona lile kosa.

Tatu, hapa wengi wetu tunajidanganya: kutaja jina si sawa na kupewa ruhusa. Ukiandika "picha kwa hisani ya fulani" na fulani hajui, umekuwa mwizi mwenye adabu. Sheria inaruhusu matumizi fulani, kama kuhakiki kazi ya mtu au kuifanyia utafiti, ukitaja chanzo. Kubeba michoro 19 na kuiuza hakumo humo.

Nne, kuna kazi ambazo wenyewe wameshatoa ruhusa. Tafuta leseni za Creative Commons. Ukiona BY, mtaje mwenyewe. NC, usiuze. ND, usibadilishe. SA, ukibadilisha, itoe kwa leseni hiyo hiyo. Kozi ya shilingi 300 ni biashara, kwa hivyo NC si yako. Ukitaja, andika jina la kazi, mwenyewe, mahali ulipoipata na leseni yake. "Chanzo: Google" si chanzo. Ni kama kusema sukuma umeitoa barabarani.

Niliitoa ile kozi siku hiyo hiyo. Nikawaandikia wote 41 ukweli, na kila aliyetaka pesa nikamrudishia. Walikuwa tisa. Mwalimu nilimtumia nusu ya kilichobaki. Akairudisha, akaniambia nichore upya kwanza, ndipo tuongee.

Imenichukua miezi miwili. Mkono wangu si mzuri kama wake, bikari zangu zinakaa ndoo. Michoro minne nilishindwa kabisa, nikamwomba yake, akakubali kwa maandishi. Jina lake liko chini ya kila mmoja, na kila kozi ikiuzwa ana sehemu yake.

Jana nilimtumia mchoro mpya wa saba. Akajibu: "Anodi iko sawa. Lakini tahajia ya elektroliti, hapana."

Hilo kosa angalau ni langu.